Bolti Moja ya 17: Shajara ya Kubadilisha Oili ya Pikipiki Nyumbani, Kisauni

Mradi

Pikipiki ni ya injini ya aina ya CG125, ule muundo wa Honda wa miaka ya 1970 ambao viwanda vya Uchina viliuiga na sasa unatembea kwa majina mengi hapa Pwani. Silinda moja, inapozwa na hewa, klachi yake inaoga oili. Kitabu chake kinataka oili lita 0.9 ikiwa injini haikufunguliwa. Mita inasoma kilomita 18,340. Hii ndiyo mara ya kwanza oili yake inabadilishwa nyumbani bila kupelekwa kwa fundi, na kila hatua imeandikwa kwa ajili ya anayetaka kujaribu naye kwa mara yake ya kwanza.

Kuna neno la kutangulizwa. Kumimina oili ni kazi ya mtoto. Kinachowaharibia watu injini ni bolti ya chini ya kumwagia oili: ama iliachwa imelegea ikaanguka njiani, ama ilikazwa kwa hasira mpaka thredi za alumini (meno ya ndani ya tundu yanayoshika bolti) zikang'oka. Kwa hiyo usishangae ukiona habari ya bolti imechukua nafasi kubwa kuliko habari ya oili.

Jumatano: kununua oili

Duka lolote la spea, liwe Mwembe Tayari au Kongowea, litakuwekea mbele chupa tano sita zinazofanana rangi. Geuza chupa usome nyuma. Maandishi ya mbele ni ya kuuzia.

Cha kwanza ni uzito. Iliyochukuliwa ni 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi; ya pili ni uzito wake injini ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi 100. Mombasa hatuna asubuhi ya baridi ya kuigandisha oili, kwa hivyo ile 20 haitusumbui. Ile 50 ndiyo ya maana, kwa sababu injini inayopozwa na hewa hupozwa na mwendo. Ikisimama kwenye foleni ya daraja la Nyali saa nane mchana, wakati wa kaskazi, hewa haipiti kwenye mapezi ya silinda na oili inazidi kuwa nyepesi kila dakika. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataka 10W-40 au 10W-30, fuata kitabu.

Cha pili, na hiki usikiruke hata kidogo, ni herufi za JASO. Hicho ni kipimo cha Wajapani cha oili ya pikipiki. Tafuta JASO MA au MA2. Klachi ya gari ni kavu na iko nje ya oili ya injini. Ya pikipiki hii sahani zake zinazunguka ndani ya oili ile ile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili zipunguze ulaji wa petroli. Dawa hiyo ikifika kwenye sahani za klachi, zinateleza. Dalili utaiona ukitoka kwenye feri Likoni umepakia mtu, unaukwea ule mlima wa kutoka kivukoni: injini inalia juu, pikipiki inapanda polepole. Watu hununua sahani mpya za klachi kumbe kosa ni oili. JASO MB nayo iache, hiyo ni ya skuta za mkanda ambazo klachi yao haikai ndani ya oili.

Cha tatu ni daraja la API, kipimo cha Wamarekani cha ubora wa oili. Kwa injini hii, SG na kuendelea mbele (SJ, SL, SM) inatosha.

Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa na kutiwa kwenye chupa ya soda haikununuliwa, hata kama bei ni nzuri. Huwezi kujua ni uzito gani, huwezi kujua kama ina JASO, na wala huwezi kujua kama imewahi kutumika mahali pengine kabla. Kwenye chupa ya dukani angalia pete ya kifuniko kama haijakatwa, foili ya ndani kama imeshika pande zote, na namba ya toleo kama imepigwa kwenye chupa yenyewe na si kwenye karatasi tu. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo iwepo.

Pamoja na oili ilinunuliwa washa moja ya kopa, yaani pete bapa ya shaba nyekundu inayokaa chini ya kichwa cha bolti, tundu la milimita 12. Ni kitu kidogo ambacho wengi hukiacha dukani.

Ijumaa jioni: bolti inatiwa dawa

Pikipiki juu ya stendi ya kati, katoni chini, tochi mkononi. Bolti ya kumwagia iko chini ya tumbo la injini, kichwa cha milimita 17, kinatazama ardhini. Usiichanganye na bolti ndefu zinazoishika injini kwenye fremu, hizo zinapita ng'ambo mpaka ng'ambo na zina nati upande wa pili. Baadhi ya injini za aina hii zina pia kofia kubwa yenye chujio la wavu na springi ndani. Ukiifungua hiyo, shika kiganja chini yake, maana springi huitupa.

Bolti yenyewe haikuonekana, iliyoonekana ni donge la mchanga na oili. Chini ya donge pana unga mweupe kuzunguka kichwa. Huo unga ni alumini iliyoliwa. Bolti ni chuma, injini ni alumini, na hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Vitatu hivyo vikikutana, alumini ndiyo inayolika. Bolti ya pikipiki ya bara hutoka kwa urahisi. Ya pikipiki inayolala karibu na bahari inataka kuombwa.

Ilisuguliwa kwa burashi ya waya na mafuta ya taa mpaka kingo zote sita zikaonekana, kisha ikapuliziwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa mpaka asubuhi. Burashi ina faida nyingine: bolti ikitoka, mchanga hauingii kwenye tundu.

Spana ni ya ringi namba 17, au soketi ya pembe sita. Spana malaya na koleo vibaki kwenye sanduku. Vinashika kingo mbili tu, na bolti iliyokaza ikiminywa kingo mbili inaviringana kichwa. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya fundi wa kuchomelea.

Jumamosi, saa moja asubuhi: kumwaga

Injini iliwashwa dakika nne, bila kupigwa resi. Oili baridi ni nzito, inabaki imeganda kwenye kuta na uchafu wake umeshatulia chini. Ikipata joto inakuwa nyepesi na uchafu unaelea, unatoka nao. Lakini usiende safari ndefu kwanza. Oili ya injini iliyotoka barabarani inababua ngozi, na bomba la eksozi liko karibu na mkono wako.

Kifuniko cha juu chenye kijiti cha kupimia kilifunguliwa kwanza. Hewa ikiingia juu, oili inashuka vizuri chini. Tena ni busara kujua kwamba mahali pa kujazia panafunguka kabla ya kumwaga kilichomo.

Sasa mwelekeo, na hapa hata watu wazima hukosea. Bolti inatazama chini. Ukiwa umelala unakitazama kichwa chake, inafunguka kinyume na saa kama bolti zote. Ukiwa umechuchumaa kando na unaitazama kutoka juu, mkono wako utakwenda upande wa pili na utakuwa unakaza. Mtu anasema bolti ngumu, anaongeza bomba kwenye spana, anakaza zaidi, thredi zinakufa kabla hata oili haijamwagika. Lala chini, kitazame kichwa, ndipo uweke spana.

Ililegea kwa mguno mmoja. Kisha vidole, huku bolti ikisukumwa juu kidogo wakati inazungushwa, ili oili isianze kuchuruzika kwenye kiganja. Thredi ya mwisho ikiachia, vuta mkono pembeni haraka. Karai lilikuwa limewekwa kwa mbele kidogo ya bolti, maana mshipa wa kwanza hautoki wima, unaruka.

Bolti ilitoka bila washa. Ilidhaniwa imeanguka ndani ya karai. Kumbuka mstari huu.

Dakika kumi na tano za kuchuruzika. Swichi ikiwa imezimwa, kiki ilipigwa mara tano taratibu, na funda jingine la oili likatoka.

Oili chafu ikisomwa

Ilipimwa kwenye jagi: mililita 720. Ilitakiwa karibu 900. Mililita 180 zimeungua au zimevuja tangu ilipowekwa mara ya mwisho. Kwa injini ya umri huu si jambo la kutisha, ila maana yake ni kwamba kijiti kinatakiwa kutazamwa kila wiki, kisingoje siku ya kubadilisha oili.

Rangi nyeusi si ugonjwa. Oili ikibeba masizi inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Vya kutafuta ni vingine. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji: pikipiki imepita kwenye madimbwi ya masika mpaka juu ya injini, au imeoshwa kwa mashine ya presha karibu na bomba la kupumulia, au inaendeshwa safari fupi fupi tu ambazo haziipashi joto la kukausha unyevu. Injini hii haina maji ya kupozea, kwa hivyo maji hayo yametoka nje.

Sumaku ya spika mbovu ilifungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kupitishwa ndani ya karai. Ilitoka na unga laini wa kijivu kama masizi ya kibiriti. Huo ni wa kawaida. Vipande vya kushikika kwa kucha vinavyonaswa na sumaku ni vya gia. Vinavyong'aa na havinaswi ni alumini, na vya rangi ya shaba ni vya bushi. Nyuzi nyeusi zilizolegea ni za sahani za klachi. Kimoja katika hivyo kikionekana kwa wingi, usimimine oili mpya ukasahau. Mwite fundi akiwa na karai hilo hilo mbele yake.

Kukaza

Uso wa injini unapokaa washa ulipanguswa kwa kitambaa kikavu, thredi za bolti zikasuguliwa. Washa mpya ya kopa ikavishwa. Kopa ni laini, inabonyea na kujaza mikwaruzo. Ndiyo inayozuia oili, si nguvu ya mkono. Hili likieleweka, nusu ya thredi zinazokufa mjini zingepona. Wengine hupaka silikoni ya gasketi. Silikoni ya ziada inasukumwa ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba chujio la wavu, na pampu inavuta hewa. Tepu ya mafundi wa mabomba nayo hivyo hivyo.

Bolti ilianzwa kwa vidole vitupu. Izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uhisi imedondoka kidogo, *tik*. Hapo thredi zimekutana. Kisha zungusha kuifunga. Inatakiwa iende kwa vidole mpaka washa iguse. Ikigoma baada ya mizunguko miwili, imeingia upogo: itoe, uanze tena. Usiifuate na spana.

Washa ikishagusa, spana robo ya mzunguko. Bolti hii, ambayo shina lake ni la milimita 12, kwenye alumini inataka kama Nyutoni-mita 25. Asiye na spana ya kupimia nguvu afanye hesabu hii: spana ya sentimita 20, ikisukumwa kwenye ncha yake kwa uzito wa kilo 12 na nusu hivi, inatoa hizo 25. Ning'iniza dumu la lita kumi lililojaa maji kwenye kidole, ujue uzito huo unavyohisi, uongeze kidogo. Wengi hushangaa ulivyo mdogo. Spana ishikwe kwa vidole vitatu, mkono ukiwa umekunjwa kiwiko. Ukitumia bega, umeshapita.

Thredi zikiwa tayari zimekwisha, bolti inazunguka bila kukaza. Dawa ni kutoboa na kutia thredi mpya ya springi ya chuma ya kipimo kile kile, au bolti ya unene wa juu yake. Zote ni kazi za mashine, na ni afadhali kuzifanya kuliko kufunga kwa gundi ukatumaini.

Kumimina

Chupa ya lita moja ina mstari wa kuonea upande wake, lakini jagi la kupimia ni sahihi zaidi. Mililita 850 kwanza, kwa faneli safi. Kifuniko, injini dakika tatu bila resi, izimwe, dakika tatu ya kutulia. Pikipiki iwe wima juu ya stendi ya kati. Ukipima imeegemea stendi ya pembeni, kijiti kinadanganya.

Kijiti kinapanguswa, kinatumbukizwa mpaka kifuniko kikae juu ya mdomo *bila kukizungusha*, kinatolewa. Kwenye injini ya aina hii ndivyo kinavyosomwa. Ukikizungusha kikazama chote, kitaonyesha oili nyingi kuliko iliyomo. Alama ilikuwa chini kidogo ya mstari wa juu. Zikaongezwa mililita 50, ikatimia 900.

Usijaze zaidi kwa kudhani unaipenda injini. Oili ikizidi inapigwa na mkono wa kreki (shafti inayozungushwa na pistoni) mpaka itoe povu, na povu halilainishi. Presha inapanda, oili inatokea kwenye bomba la kupumulia na kuingia kwenye chujio la hewa, au inasukuma sili za mipira. Ikizidi, mwaga.

Jumapili: doa kwenye katoni

Mita 18,362. Asubuhi katoni iliyowekwa chini ya injini ina doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi.

Mkono wa kwanza hukimbilia spana. Haikuguswa. Tumbo lote la injini lilipanguswa likakauka, likanyunyiziwa poda ya mtoto, injini ikawashwa dakika tano. Oili ikivuja huchora njia yake kwenye poda. Njia ilianzia kwenye washa, upande mmoja tu.

Oili ilimwagwa upya kwenye jagi lililooshwa na kukaushwa, na tochi ikamulikwa kwenye tundu. Washa ya zamani ilikuwa pale pale. Ilikuwa imegandamana na uso wa injini, imechukua rangi yake, na upande mmoja umevimba kwa ule unga mweupe. Haikuanguka kwenye karai siku ya Jumamosi. Washa mpya ilikuwa imekaa juu ya ya zamani, na mbili hazilingani. Ilibanduliwa kwa ncha ya bisibisi ndogo, kwa kuzunguka taratibu bila kukwaruza alumini. Bolti ikitoka bila washa, itafute mpaka uione kwa macho.

Washa ya kopa ilikuwa imeshabonyea mara moja na kuwa ngumu. Kopa hurudishwa ulaini kwa moto: iliwekwa kwenye jiko la makaa mpaka ikawa nyekundu iliyofifia, ikaachwa ipoe, masizi yakasuguliwa. Washa ya alumini usiifanyie hivi, hiyo inayeyuka, nunua nyingine. Bolti ilirudishwa kwa vidole, robo ya mzunguko. Oili ile ile, mililita 870 zilizokusanywa, ikarudi, na 30 mpya juu yake. Mwisho ulichorwa mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha bolti mpaka kwenye injini. Bolti ikilegea, mstari utavunjika na utaonekana bila spana.

Oili chafu inakokwenda

Ilitiwa kwenye chupa ile ile ya oili mpya, ikafungwa, na kuandikwa CHAFU kwa herufi kubwa ili mtu asije akaimimina kwenye injini.

Hili linahitaji kusemwa wazi kwa watu wa Mombasa. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni kama sifongo: kinachomwagwa juu kinashuka. Na Kisauni, Likoni na hata Mji wa Kale watu wanachota visima. Kumwaga oili nyuma ya nyumba ni kuitia kwenye ndoo ya jirani. Mtaroni inateremka mpaka hori la Tudor, na mikoko hupumua kwa mizizi yake iliyo juu ya tope. Ikifunikwa na oili, inakosa hewa. Mikoko ya Makupa ilikufa kwa mafuta mazito yaliyomwagika mwaka 1988. Lita moja ya pikipiki si tangi la bandari, lakini pikipiki za mji huu hazihesabiki.

Kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa ni desturi ya zamani, na mvua huosha nguzo hizo kuingia kisima kile kile. Kupaka mnyororo wa pikipiki nako hakufai, oili hiyo imebeba chembe za chuma zilizosagika na ni msasa. Chupa ilipelekwa kwenye gereji yenye pipa la oili chafu linalochukuliwa na wasafirishaji wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Uliza kabla ya kumwaga. Pipa lisilo na mwenye kulichukua mwishowe nalo huishia mtaroni. Mikono ioshwe kwa sabuni mara moja, maana oili iliyotumika haifai kukaa kwenye ngozi.

Mita 18,850

Injini imepoa, stendi ya kati, sakafu tambarare. Kijiti: katikati ya mistari miwili. Ziliongezwa mililita 50. Gia zinaingia laini zaidi, hasa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Katoni kavu siku tisa mfululizo. Mstari wa rangi ya kucha haujavunjika.

Oili inayofuata: 20,340, yaani baada ya kilomita 2,000. Kitabu kinaruhusu masafa marefu zaidi, lakini kwa foleni na joto la hapa, na kwa injini inayopungukiwa kiasi hiki, 2,000 inatosha. Washa mpya ya kopa imeshanunuliwa na kufungwa kwa uzi kwenye spana ya 17.